Taa Inayotazama Kusini

Mgeni rasmi, Bi Bhavna Pranjivan, mjukuu wa nyumba hii, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kijiji, Padre Alphonce, Bwana Wendelin, msimamizi wa mradi, wazee wetu, shikamooni, na ninyi nyote mlioacha chanja na nyavu kuja hapa alasiri hii.

Mimi ni Winifrida Kinunda, katibu wa Umoja wa Wanika Usipa na Wavuvi wa Likwambe. Sauti ni yangu, ila maneno ni ya sisi sote. Tumeyaandika pamoja na tumegombana juu yake, hivyo pale mtakapoona sentensi imepinda, mjue hapo palikuwa na watu wawili wasiokubaliana.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu Likwambe. Tunajua lami ya kutoka Mbinga ilikufikisha Mbamba Bay ukiwa bado unacheka, na kwamba kuanzia pale mpaka hapa umeletwa na neema ya Mungu na mikono ya dereva. Pole na safari. Chai uliyokunywa imetiwa iliki na tangawizi kwa sababu ndivyo bibi yako alivyotufundisha kuipika, na hadi leo mtu wa Chiwanda akipewa chai kwetu husema tunamnywesha dawa.

Kabla ya lolote tunaomba radhi kwa jambo la viti. Kwa kawaida mgeni wetu hukalishwa akitazama ziwa, apate upepo na apate cha kusifia. Wewe tumekukalisha ukitazama kaskazini, nyumba ya babu yako na uzio wake wa mabati vikiwa nyuma ya mgongo wako, na sisi sote tumeketi tukitazama kusini. Bwana Wendelin ametuuliza sababu, tukamwambia ni jua. Si jua. Sababu tutaieleza mbele kidogo, na mpaka tufike hapo tunakuomba kwa heshima usigeuke.

Vilevile, sinia lililofunikwa kitambaa hapo mezani si zawadi wala si keki. Tafadhali lisifunuliwe kwa sasa.

NYUMBA NA WATU WAKE

Babu yako, Mzee Pranjivan, alijenga duka lake kwenye ncha ya kusini ya kijiji, mahali ambapo wenyeji hawakutaka kujenga. Ardhi inaishia pale. Ukisimama kwenye baraza la kusini la nyumba ile, mbele yako hakuna njia, hakuna mchanga, ni maji tu, na maji yenyewe yanashuka ghafla kiasi kwamba jiwe la nanga halipati chini. Wazee walimwambia. Yeye akajibu kwamba mtu wa duka anataka kuonekana na boti zote, na pale alionekana na boti zote.

Aliuza chumvi, khanga, ndoano na mafuta ya taa. Alinunua mpunga na usipa, hawa dagaa wa ziwa letu. Watoto wake walikwenda Dar es Salaam mmoja baada ya mwingine, na baba yako alikuwa wa mwisho. Mzee alipofariki tulidhani na mjane wake ataondoka. Bibi yako Jamna, tuliyemwita Ambuya, yaani bibi kwa Kinyasa chetu, akakataa. Alisema ameshazoea kelele za ziwa na kule Dar atakosa usingizi.

Hakuishi peke yake. Mama Emiliana, aliyeketi kushoto kwako, alifiwa na mama yake angali mchanga, na Ambuya akamchukua. Alimlea ndani ya nyumba ile. Siku za kazi alimfundisha kupika chapati za kwao, na Jumapili alimpigia pasi gauni na kumtuma kanisani, akisimama mlangoni kuhakikisha hapotei njiani. Kwa namna tunavyohesabu ukoo sisi, huyu ni shangazi yako. Ulimwamkia vizuri uliposhuka garini, tukaona, tukafurahi.

Ambuya alifariki mwaka ule mvua ilipokata barabara. Baba yako alikuja kumchukua akamfanyie mazishi ya dini yao. Kabla ya hapo Ambuya alikuwa ameshamkabidhi Emiliana ufunguo wa nyumba, na pamoja na ufunguo, kazi moja. Kazi hiyo ndiyo iliyotuleta hapa.

SIKUKUU KAMA TULIVYOFUNDISHWA

Mgeni rasmi, huenda unaijua Diwali kuliko sisi, na huenda huijui, maana tunasikia siku hizi mjini imekuwa ya fataki na ya picha za simu. Tuvumilie tukikusimulia yako mwenyewe.

Ambuya alitufundisha kwamba ni sikukuu ya siku tano, na siku kuu kati ya hizo huangukia kwenye giza kabisa, mwezi usipokuwepo. Usiku huo kila nyumba hupanga taa, kwa sababu mfalme Rama alirudi kutoka uhamishoni porini na watu wake wakamwangazia njia. Tena Lakshmi, mama wa heri, hupita akitafuta nyumba iliyofagiliwa na yenye mlango wazi. Kwa hiyo Ambuya alifagia, akafungua milango, na kizingitini akachora maua kwa unga wa mchele. Kuku wetu waliyala maua hayo kabla Lakshmi hajafika. Hakuwafukuza. Alisema kuku nao ni wageni.

Sisi ni Wakristo, na Padre wa zamani zile alikwenda kumuuliza kuhusu taa zake. Ambuya akamkaribisha chai, akamuuliza: “Na wewe, Padre, mishumaa yako unamwashia nani?” Padre akanywa chai akaenda zake, na mwaka uliofuata aliagiza taa mbili ziwekwe kwenye ngazi za kanisa.

Lakini taa za furaha sizo tunazotaka kuzungumzia. Siku tano hizo zinaanza na taa moja tu. Jioni ya siku ya kwanza, ambayo ni leo, huwashwa taa ya Yama. Yama ndiye mwenye kuja kuchukua roho, na upande wake ni kusini. Ambuya alitusimulia habari za mwana wa mfalme aliyetabiriwa kufa kwa nyoka siku ya nne baada ya harusi yake. Mkewe akakataa kulala. Akarundika mapambo yake ya dhahabu mlangoni, akawasha taa, akaanza kuimba na kusimulia hadithi. Yama akaja kwa umbo la nyoka, mwanga ukamtia kiwi, akaketi kizingitini akisikiliza, na kulipopambazuka saa yake ikawa imepita. Akaondoka bila mtu.

Kwa hiyo kila mwaka Ambuya alikanda unga, akafinyanga taa ndogo, akatia mafuta ya ufuta na tambi za pamba. Jua likielekea kuzama aliitoa nje na kuiweka kwenye kishubaka cha ukuta wa kusini, pale barazani, kisha akarudi ndani bila kutazama nyuma. Tulimuuliza kwa nini anamwashia taa mtu ambaye hakuna anayetaka aje. Alitujibu hivi, na Emiliana anayakumbuka maneno yenyewe: “Simwiti. Namwambia tu, tumekuona, tupo macho, pita salama.” Alisisitiza kwamba lazima iwe juu ya ukuta wa nyumba, kwenye nchi kavu, na iwekwe na mkono wa mtu wa nyumba ile.

Ndivyo jambo lake likawa letu. Majira ya giza ndiyo majira yetu ya usipa, kwa kuwa usipa huvuliwa kwa taa na mwezi huwaharibia wavuvi kazi. Ikawa desturi kwamba jioni hiyo hakuna boti inayotoka mpaka taa ya kusini iwake. Hakuna aliyeamuru. Vijana wenyewe walikuwa wanakaa ufukweni, wanatazama ncha, wanaona kamwanga, kisha wanasukuma boti.

MAFANIKIO

Katika kipindi hicho chote tumepata mafanikio ambayo tunayataja kwa fahari. Tumejenga chanja za kuanikia usipa ili wasilale mchangani na kuliwa na kunguru. Tumeacha taa za mafuta na sasa tunatumia za sola. Tumeezeka upya kanisa. Usipa wa Likwambe wanajulikana Mbinga mpaka Songea, na wanaojifanya kuuza wa Likwambe huku wakiuza wa kwingine nao tunawajua.

Ila fanikio kubwa ni hili. Miaka yote taa ile ilipowashwa mahali pake, hatukuwahi kumpoteza mtu ziwani majira ya giza. Vijiji vingine vilipoteza. Sisi tulikwenda kuwazikia, tukarudi, tukanyamaza, kwa sababu si jambo la kujisifia mbele ya wafiwa.

CHANGAMOTO

Mjumbe mmoja alitaka sehemu hii iwe fupi. Wengine walitaka iondolewe kabisa, wakisema mgeni hapokelewi kwa habari kama hizi. Imebaki, na ni ndefu.

Mgeni rasmi, mwaka jana ulimtuma Bwana Wendelin aje kuandaa eneo kwa ajili ya ghala la barafu. Hatupingi ghala. Tumeozesha samaki wa kutosha katika maisha yetu. Bwana Wendelin ni mtu mwaminifu, alifanya kama alivyoagizwa: alizungushia nyumba mabati kutoka ukingo wa maji hadi ukingo wa maji, akaweka geti na kufuli. Ufunguo wa Mama Emiliana ukawa ni wa mlango usiofikika.

Siku ya taa ilipofika, Emiliana alikwenda na sinia lake. Akasema: “Mwanangu Wendelin, ni kidogo tu, naweka natoka.”

Bwana Wendelin akamjibu: “Mama, nimeagizwa kufunga. Kufungua sijaagizwa.” Akajaribu kukupigia simu, mtandao ukakataa, kama unavyokataa hata leo. Hatumlaumu. Anayeajiriwa kulinda mali ya watu hawezi kuifungua kwa sababu ya mama mmoja mwenye unga mkononi.

Tulikaa kikao palepale getini. Jua lilikuwa linashuka na boti zilikuwa zinasubiri. Mzee Erasmo, kiongozi wa wavuvi, akatoa wazo lililoonekana la busara. Alisema: “Kusini ya nyumba ni nini? Ni maji. Basi tuiweke kwenye mtumbwi, mtumbwi ukae mbele ya ukuta. Itakuwa kusini vilevile.” Tukakubali. Kwa kuwa nanga haipati chini pale, ilibidi awepo mtu wa kuushikilia mtumbwi kwa kasia na kuizuia taa isiyumbe. Hyasinti, mtoto pekee wa Emiliana, akavua viatu. Akasema: “Mama, lete hiyo taa, nitaishika mimi. Kazi yenyewe ndogo.”

Mgeni rasmi, sisi ni watu wa usipa. Tumezaliwa katika kazi hii na tungepaswa kujua kuliko watu wote duniani. Taa juu ya ukuta inasema pita. Taa juu ya maji ina kazi moja tu, nayo ni kuita.

Hapakuwa na upepo. Hyasinti aliketi wima katikati ya mtumbwi, taa ya unga viganjani, kasia likiwa miguuni. Tulimwona wote, maana mwanga wa jua ulikuwapo bado. Mtumbwi ukaanza kwenda kusini polepole, bila kasia kuguswa, kama kitu kinachovutwa kwa adabu. Tulimwita. Aliinua mkono mmoja kama mtu anayewaambia wenzake wangoje kidogo, kuna mtu anazungumza naye. Kisha akaupita mwamba wa ncha na hatukumwona tena. Boti zilizomfuata zilikuta maji matupu, ziwa limetulia kabisa. Asubuhi mtumbwi ulipatikana ufukweni upande wa Chiwanda, mkavu ndani, kasia mahali pake. Taa haikuwemo.

Askari walikuja, wakauliza maswali, wakatupa pole. Mwili haukupatikana. Tulimfanyia Hyasinti misa bila jeneza, na mama yake alikataa kuvaa nguo nyeusi.

Majira ya giza yaliyofuata, Mzee Erasmo alianza kuona kwamba taa ziwani zinazidi boti. Taa zetu za sola ni nyeupe. Ile iliyozidi ilikuwa ya njano, ndogo, karibu sana na maji. Usipa wote walikwenda kwake. Ziwa lilichemka kuizunguka, na chini ya boti zetu hapakuwa na hata mmoja. Vijana wa boti moja walijipa moyo, wakatupa wavu karibu nayo. Wavu ulipanda ukiwa mkavu. Hatusemi ulikuwa mtupu, mgeni rasmi. Ulikuwa mkavu, na vumbi lilitoka walipoukung'uta. Boti ile sasa iko juu ya mchanga na wenyewe wamekwenda Mbinga kulima kahawa.

Kila giza lilipoingia taa ile ilikuwa imesogea. Kwanza ilikuwa mbali, baadaye ikawa kwenye mwamba, baadaye ikawa mbele ya ncha. Tumeacha kuvua majira ya giza, na majira ya giza ndiyo chakula chetu. Chanja ulizoziona njiani zikiwa tupu, hukuambiwa sababu. Sababu ni hiyo.

Giza la mwezi huu lilipoanza, taa haikuonekana ziwani. Tulishukuru mapema mno. Akina mama waliokuwa wakikusanya kuni karibu na mabati walisikia mtu upande wa pili. Waliitambua sauti, kwa kuwa ni sauti ya kijana tuliyemlea. Ilisema: “Mama, mkono umechoka.”

Walimwita Mzee Erasmo. Alikuja, akasimama kwenye mabati, akajikaza kama mtu mzima. Akasema: “Iweke chini, mwanangu.”

Ikajibu: “Niiweke wapi?”

Mzee Erasmo alivua kofia akaondoka pale. Yuko hapa, safu ya mbele, yule aliyeshika kofia yake mapajani.

Tangu jana jioni, mgeni rasmi, kuna mwanga juu ya mabati nyuma yako. Ni wa njano, na unatoka upande wa ukuta wa kusini, kilipo kishubaka. Haujatulia kama mwanga wa taa iliyowekwa. Unatikisika kidogo kidogo, kama wa kitu kilichoshikwa mkononi kwa muda mrefu. Kufuli la Bwana Wendelin liko palepale, na ufunguo wake uko mfukoni mwa shati lake. Hii ndiyo sababu ya viti. Watu hawa wote unaowaona wametulia na kukukazia macho hawakutazami wewe. Utusamehe kwa hilo, maana tulitamani kukutazama, umefanana naye sana kwenye paji la uso.

OMBI

Tulikuwa na maombi mengi. Barabara kutoka Mbamba Bay ni ombi. Zahanati haina mganga, nalo ni ombi. Injini za boti, bei ya wavu, choo cha shule, yote tuliyaandika. Katika kikao cha mwisho tuliyafuta moja baada ya jingine. Mheshimiwa Diwani alishangaa, akasema hajawahi kuona wananchi wanakataa kumwomba mtu mwenye uwezo. Tumemwahidi kwamba tutarudi kuomba tukiwa wazima.

Ombi letu ni moja. Kwenye sinia lile kuna taa ya unga aliyoifinyanga Mama Emiliana asubuhi ya leo. Mafuta yamo, tambi zimo, kiberiti kiko pembeni. Tunakuomba umwambie Bwana Wendelin afungue geti. Akisikia kwa kinywa chako atafungua, tena kwa furaha, maana tangu jana jioni na yeye hajaweza kuyapa mabati mgongo. Tunakuomba uipeleke taa hii kwa mkono wako, wewe uliye damu ya nyumba ile, uiweke kwenye kishubaka ikitazama kusini, jua likiwa bado juu ya ng'ambo ya Malawi. Sasa hivi jua hilo liko mkono wako wa kushoto na linashuka.

Tunaamini, na hatuna ushahidi ila moyo, kwamba taa ya nchi kavu ikiwashwa mahali pake, yule aliyeshika ya majini ataona pa kuiweka. Hakutumwa kuishika mwaka mzima. Aliambiwa ni kazi ndogo.

Nyumba inavunjwa Jumatatu. Tunajua, tumeona alama nyekundu. Kuhusu ukuta wa kusini, tutazungumza kesho, kama watu wanaozungumza baada ya chakula. Leo tunaomba taa tu.

JAMBO MOJA LA NYONGEZA

Mama Emiliana aliisikiliza risala hii jana ilipokuwa inaandaliwa na akatupa ruhusa ya kusoma yote. Aya hii hajaisikia. Tuliiandika asubuhi ya leo akiwa anakanda unga. Mama, utatuwia radhi. Kaa tu, usiinuke.

Mgeni rasmi, anataka kuingia pamoja nawe, na hatuwezi kumkatalia. Amelelewa kwenye baraza lile, na kwa miaka mingi mkono wake ndio uliotulinda. Lakini leo alfajiri aliniletea kuku wake wote, akasema niwatunze. Nikamuuliza mpaka lini, akaanza kuniambia ni yupi anataga na ni yupi mkorofi. Amepitisha salamu kila boma kuanzia huku mpaka kanisani. Amekwenda kwa Padre. Padre hawezi kutuambia alichoambiwa na hatujamuuliza, ila tangu amsikilize, Padre mwenyewe hajatia kitu mdomoni. Na jana, mwanga ulipoonekana juu ya mabati, tulimsikia Emiliana akisema taratibu, kama anavyosemeshwa mtoto aliyebeba ndoo kubwa kuliko nguvu zake: “Nakuja, baba. Nitakupokea.”

Tunajua maana ya kupokea mzigo wa mtu. Akiuchukua yeye, Hyasinti atapumzika, na sisi tutamwona Emiliana ziwani kila giza likiingia, ameketi wima, taa viganjani. Hatutaweza. Tumeshindwa kumzika mtoto, hatuwezi kushindwa kumzika na mama yake pia. Tunasema hivi mbele yake ili ajue kwamba tunampenda na kwamba tumemwona. Tupo macho.

Kwa hiyo taa ibebwe na wewe, asiibebe yeye. Mkono wako wa kushoto umshike, na usimwachie hata akikuomba kwa upole, maana atakuomba kwa upole. Ukishaiweka, mrudi bila kutazama nyuma, kama bibi yako alivyofanya. Mkiitwa kwa majina msiitike. Sisi tutakuwa getini. Tutaimba nyimbo za kanisa, kwa kuwa ndizo tunazozijua, na yule mke wa mwana wa mfalme naye aliimba alichokijua.

KUHITIMISHA

Mgeni rasmi, Mungu aliyeutenga mwanga na giza akutangulie kwenye geti lile. Heri za nyumba ya Mzee Pranjivan ziwe juu yako, na Ambuya Jamna, popote alipo, akutambue kwa paji la uso. Diwali njema kwako na kwa wako. Chai nyingine iko jikoni, tumewatilia vikombe viwili, chako na cha shangazi yako, na tutaifunika isipoe.

Sasa unaweza kugeuka.

Uingie naye. Na utakapotoka, tafadhali, utoke naye.

Ni sisi, Umoja wa Wanika Usipa na Wavuvi wa Likwambe, tulioketi tukitazama kusini.